Imani si Cheti

Dominika ya 26 ya Mwaka A. Injili: Mt 21:28-32



Katika Injili ya leo Bwana wetu anatuwekea mbele ndugu wawili, watoto wa baba mmoja. Wa kwanza, alipoagizwa kwenda kufanya kazi katika shamba la mizabibu, alikataa waziwazi. Lakini baadaye moyo wake ulimsuta, akaenda. Wa pili aliitikia kwa heshima zote, wala hakwenda. Yesu hakuuliza ni yupi kati yao aliyejibu vizuri. Aliuliza ni yupi aliyeyatenda mapenzi ya baba. Hata makuhani wakuu na wazee wa watu, ambao swali hilo liliwalenga wao wenyewe, hawakupata shida ya kujibu.

Leo tungependa kuusoma mfano huu katika historia ya Kanisa, na hasa Kanisa la Afrika. Uko mwaka mmoja ambapo Wakristo kwa maelfu walijikuta wamesimama mahali pa ndugu hao wawili. Mwaka huo ni 250, na mahali penyewe ni Karthago, mji mkubwa wa pwani ya kaskazini ya bara letu, karibu na mji wa Tunis wa leo. Pamoja nao tutautazama mji wa Aleksandria, katika nchi ya Misri. Yaliyotokea huko yanatufundisha tofauti kati ya kukubali kwamba Mungu yupo na kumwamini. Kwa maana mambo hayo mawili yanafanana sana wakati wa amani, na hutengana siku ya dhiki.

Tuanze na hali ya Kanisa kabla ya dhoruba. Kwa miaka mingi Wakristo wa Karthago walikuwa wameishi kwa utulivu. Idadi ya waliobatizwa iliongezeka. Mtakatifu Sipriani, aliyewekwa kuwa askofu wa mji huo yapata mwaka 248 au 249, alieleza baadaye kwa uchungu jinsi amani hiyo ndefu ilivyowalegeza watu. Kila mmoja alishughulika na kuongeza mali yake. Walikuwako hata maaskofu walioliacha kundi lao wakazunguka nchi nyingine kutafuta biashara yenye faida, wakakopesha fedha kwa riba huku ndugu zao katika Kanisa wakishinda njaa. Kwa nje kila kitu kilionekana chema. Ibada zilifanyika, na jina la Kristo lilitajwa. Hakuna aliyejua ni nini kilichokuwa ndani, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejaribiwa.

Ndipo mwishoni mwa mwaka 249 Kaisari Decius, jemadari aliyekuwa ametwaa kiti cha enzi mwaka huo huo, aliamuru wakazi wa dola yote ya Roma watoe sadaka kwa miungu. Dola ilikuwa imesongwa na maadui mipakani, na makaisari walikuwa wakipinduana. Decius aliona kwamba miungu ikiheshimiwa na watu wote, itairudishia Roma nguvu zake. Kila mtu alitakiwa kufika mbele ya kamati ya mji au kijiji chake, amwage divai, atoe sadaka, na aonje nyama ya sadaka hiyo. Akishafanya hivyo alipewa cheti.

Vyeti hivyo si hadithi tu. Katika mchanga mkavu wa Misri wataalamu wamefukua zaidi ya 40, vilivyoandikwa kwa Kigiriki juu ya mafunjo, vya mwezi Juni na Julai mwaka 250. Kimoja ni cha mzee aliyeitwa Aurelius Diogenes, mwenye umri wa miaka 72. Na ili ajulikane kuwa ni yeye, imeandikwa kwamba alikuwa na kovu penye nyusi ya kulia. Mzee huyo anatangaza kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa pia, mbele ya kamati, ametoa sadaka, amemwaga kinywaji na kuonja. Kisha anaomba wathibitishe hayo. Hatuwezi kumhesabu Diogenes kuwa Mkristo aliyeasi, maana amri ilimhusu kila mtu. Kimojawapo cha vyeti hivyo ni cha mwanamke aliyekuwa kuhani wa mmoja wa miungu ya Misri.

Lakini angalieni jambo moja, ndugu zangu. Katika vyeti hivyo halimo hata neno moja juu ya Kristo. Aliyekwenda mbele ya kamati aliombwa tendo dogo la mkono, la dakika chache tu, kisha arudi nyumbani kwake na karatasi yake. Moyoni abaki na yake, hakuna aliyeyauliza. Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Mtu aliweza kujiambia, "Mungu anaujua moyo wangu," akanyosha mkono juu ya madhabahu ya sanamu.

Na wengi walinyosha. Sipriani anasimulia kwamba huko Karthago watu walikimbilia mahali pa sadaka kabla hata ya kukamatwa wala kuitwa. Walikuwa wengi kiasi kwamba maofisa, walipoona jua linakuchwa, waliwaambia warudi kesho. Nao wakaomba wasicheleweshwe. Wazazi waliwabeba watoto wao wachanga kwenda nao. Askofu mmoja wa Afrika hakuanguka peke yake, bali aliwashawishi walio wengi wa kundi lake wamfuate. Huko Aleksandria mambo yalikuwa yale yale. Askofu Dionisi aliandika kwamba watu mashuhuri walifika haraka kwa woga, na wengine walivutwa na nyadhifa zao za serikali. Walikuwako waliofika wakiwa wamepauka na kutetemeka, kana kwamba wao wenyewe ndio watakaochinjwa, hata watazamaji wakawacheka. Ilionekana wazi kwamba waliogopa kufa na waliogopa pia kutoa sadaka. Wengine walizikaribia madhabahu kwa ujasiri, wakiapa kwamba hawajapata kuwa Wakristo hata siku moja.

Walioanguka hawakuwa wa aina moja. Kanisa liliwatofautisha wale waliotoa sadaka kamili, wale waliofukiza ubani tu, na wale ambao hawakufanya lolote kati ya hayo ila walijipatia cheti. Hao wa mwisho wanastahili tuwatazame kwa makini zaidi, kwa kuwa ndio wanaofanana nasi kuliko wengine. Mtu wa namna hiyo alikuwa amefundishwa vema. Alijua kwamba Mkristo haruhusiwi kuziabudu sanamu. Basi alimwendea ofisa, au alimtuma mtu mwingine, akalipa fedha, akapewa karatasi inayosema ametoa sadaka, ambapo mkono wake haukugusa hata punje moja ya ubani. Alirudi nyumbani akiwa na amani ya dhamiri. Alijiona amemshinda Kaisari kwa werevu, wala hajamkosea Mungu. Sipriani anatuonyesha kwamba wengi wao walishangaa kweli kweli walipoambiwa wametenda dhambi.

Dhambi yao ilikuwa nini basi? Katekisimu waliijua, na hawakumkana Mungu mioyoni mwao. Walikubali kwamba Kristo ni Bwana. Lakini walikubali kama mtu anavyokubali kwamba mlima fulani ni mrefu, ilhali hana nia ya kuupanda. Mtume Yakobo anatukumbusha katika sura ya pili ya waraka wake kwamba hata pepo wachafu wanajua kuwa Mungu ni mmoja, nao wanatetemeka. Pepo hawakosi ujuzi. Wanachokosa ni kujikabidhi mikononi mwa yule wanayemjua. Kukubali ni kazi ya akili, na hakumgharimu mtu chochote. Kuamini ni kuyaweka maisha yote, pamoja na nyumba, shamba, jina na watoto, katika mikono ya Mungu, na kuyaacha hapo hata inapoonekana kwamba yatapotea. Sipriani mwenyewe alitaja minyororo iliyowafunga wengi wasiweze kukimbia: mali zao. Walidhani wanamiliki, kumbe wamemilikiwa.

Mbele ya watu hao wenye cheti tumweke mwanamke mmoja aliyeitwa Bona. Habari zake zimo katika barua fupi aliyoandikiwa Sipriani na askofu mwenzake, Caldonius. Bona aliburutwa na mume wake mwenyewe hadi penye madhabahu. Alipokataa kutoa sadaka, waliishika mikono yake kwa nguvu na kuitolesha sadaka hiyo. Kwa macho ya sheria kazi ilikuwa imekwisha. Mikono yake ilikuwa imetoa, na angeweza kuchukua cheti na kwenda zake. Lakini alipaza sauti akisema kwamba si yeye aliyefanya, bali ni wao waliofanya. Kwa kusema hivyo alihukumiwa uhamisho. Wale wenye vyeti mikono yao ilikuwa safi, na karatasi zao zilimkana Kristo. Bona mikono yake ilitiwa najisi, naye akapoteza nyumba na nchi yake ili asiachwe uongo usimame badala ya imani yake. Nani kati yao aliamini?

Hakuwa peke yake. Fabiani, Askofu wa Roma, aliuawa tarehe 20 Januari mwaka 250, miongoni mwa wa kwanza kabisa. Katika magereza ya Karthago Wakristo kadhaa walikufa kwa njaa na kiu. Numidicus alimwona mke wake akiteketea kwa moto kando yake. Yeye mwenyewe aliachwa akiwa ameungua nusu na kupigwa mawe, akidhaniwa amekufa, hadi binti yake alipokwenda kuitafuta maiti yake akamkuta bado anapumua. Sipriani alimpokea kati ya mapadre wa Karthago. Walikuwako pia Castus na Aemilius, ambao mara ya kwanza walishindwa na mateso, wakaanguka. Mara ya pili moto haukuwashinda. Hao ni wale ndugu wa kwanza wa Injili, waliosema hapana, kisha wakaenda.

Sasa, ndugu wapendwa, tunafika penye fundisho ambalo mara nyingi husahaulika. Dhoruba ilipoanza kutulia, walioanguka walitaka kurudi. Ndipo karatasi ya pili ilipojitokeza. Wakristo waliokuwa wameteswa gerezani bila kuikana imani waliheshimiwa sana, na ilikuwa desturi kwamba wangeweza kumwombea aliyeanguka apewe amani na Kanisa. Baadhi yao wakaanza kutoa barua za amani bila kupima. Barua moja iliweza kusema tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake, pasipo kutaja majina wala hesabu, na nyuma ya barua hiyo wakaja watu 20 au 30. Sipriani alilalamika kwamba barua hizo zilitolewa kwa maelfu. Basi yule aliyejipatia cheti cha kuasi kwa siku moja alitaka sasa kujipatia barua ya kurudi kwa siku moja. Alibadilisha karatasi, lakini moyo wake ulibaki pale pale.

Kwa upande mwingine huko Roma alisimama padre Novatian, mtu mwenye elimu kubwa, akafundisha kwamba aliyeanguka asipokewe tena kamwe. Alijifanya askofu wa Roma kinyume cha Papa Kornelio aliyechaguliwa mwaka 251, akaligawa Kanisa. Kwake yeye Kanisa lilikuwa ni la walioshinda peke yao.

Sipriani alisimama kati ya njia hizo mbili, na haikuwa rahisi kwake. Tusisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa amejificha wakati wa dhuluma. Mali yake ilitaifishwa, naye akaliongoza Kanisa kwa barua kutoka mafichoni. Mapadre wa Roma waliandika barua iliyomdokeza kama mchungaji wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu wajapo. Tunaweza kufikiri jinsi maneno hayo yalivyomchoma. Hata hivyo hakutafuta kujionyesha mkali ili apate kusifiwa, wala hakuwa mlegevu ili apate kupendwa. Mwaka 251 aliporudi Karthago maaskofu wa Afrika walikutana na kuamua kila mmoja aliyeanguka atazamwe kwa hali yake. Aliyekimbilia madhabahu kwa hiari yake si sawa na aliyeshindwa baada ya mateso ya muda mrefu. Aliyewapeleka jamaa zake wote kwenye maangamizi si sawa na aliyekwenda peke yake ili kuwaokoa mke na watoto wake. Wenye vyeti waliweza kupokewa baada ya kupimwa. Waliotoa sadaka waingie katika kitubio kirefu, na wakiwa katika hatari ya kufa wasinyimwe amani. Hata kabla ya miaka mitatu kupita, hatari mpya ilipokaribia, maaskofu 42 waliamua kuwapatia amani wote waliokuwa wakiendelea kutubu, ili wasiingie vitani wakiwa hawana Ekaristi.

Wahenga wetu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kanisa la Afrika lilisema vivyo hivyo juu ya walioanguka. Lakini mhunzi sharti arudi penye moto na nyundo. Haitoshi aseme tu kwamba yeye ni mhunzi.

Tazameni jinsi moyo uliorudi unavyofanana. Dionisi wa Aleksandria anatusimulia habari za mzee mmoja aitwaye Serapioni. Alikuwa ameishi maisha yasiyo na lawama kwa miaka mingi, ila wakati wa majaribu alitoa sadaka. Aliomba mara nyingi asamehewe, wala hakuna aliyemsikiliza. Kisha aliugua, akalala siku tatu bila kusema na bila kujitambua. Siku ya nne alipata nafuu kidogo, akamwita mjukuu wake, akamsihi aende upesi akamwite padre, kwa maana hakuweza kufa kabla hajafunguliwa. Ilikuwa usiku, na padre naye alikuwa mgonjwa, hakuweza kwenda. Lakini askofu alikuwa ameagiza kwamba wanaokufa wakiomba amani wapewe, hasa kama walikuwa wakiomba tangu zamani. Basi padre alimpa mtoto sehemu ndogo ya Ekaristi, akamwagiza ailowanishe na kumtilia mzee kinywani. Kabla mtoto hajaingia ndani, Serapioni alizinduka tena, akamwambia afanye upesi alivyoagizwa na padre, apate kwenda zake. Mtoto akamtilia, mzee akameza kidogo, na mara akakata roho.

Mzee huyu hakuwa na cheti mkononi wala barua ya amani. Alikuwa na kiu tu. Mungu alimzuia asife mpaka kiu hiyo ipozwe; hivyo ndivyo Dionisi alivyouelewa muujiza huo. Imani ya Serapioni ilikuwa imeanguka, lakini ilikuwa hai, kwa sababu kilicho hai hulia kinapoumia. Kukubali kwa midomo hakulii. Huridhika.

Hata hivyo kipimo cha imani hakikuwa mateso peke yake. Yapata mwaka 252 ugonjwa wa kuambukiza uliingia Karthago, watu wakafa kwa wingi. Walio wazima waliwatupa wagonjwa wao barabarani kwa hofu. Sipriani aliwakusanya waamini, akawafundisha kwamba kuwatendea mema ndugu zetu tu si ajabu. Aliye mwana wa Mungu huwatendea mema hata watesi wake. Kila mmoja alipewa kazi kwa kadiri ya hali yake: mwenye mali alitoa mali, na asiye na mali alitoa nguvu za mikono yake. Watu waliohudumiwa walikuwa pamoja na wale wapagani ambao miaka miwili tu kabla ya hapo walikuwa wakipiga kelele Wakristo wauawe. Mikono iliyokuwa imenyoshwa juu ya madhabahu ya sanamu ilipata sasa nafasi ya kunyoshwa kwa mgonjwa aliyeachwa barazani.

Na Sipriani mwenyewe? Mwaka 257, chini ya Kaisari Valerian, alipelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata alirudishwa akae katika bustani yake, akingoja hukumu. Alipojua kwamba wanataka kumpeleka kuuawa katika mji mwingine, alijificha kwa muda, ili liwali arudi Karthago naye apate kuikiri imani mbele ya kundi lake. Tarehe 14 Septemba mwaka 258 alisimama mbele ya liwali. Alipoamriwa kutoa sadaka alikataa. Alipoambiwa afikiri vizuri, alijibu kwamba katika jambo lililo wazi namna hiyo hakuna la kufikiri. Hukumu iliposomwa alimshukuru Mungu. Kisha aliagiza mnyongaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu. Leo jina lake, pamoja na la rafiki yake Kornelio, linatajwa katika Sala ya Kwanza ya Ekaristi, na Kanisa linawakumbuka pamoja kila tarehe 16 Septemba. Aliyeshukiwa kuwa mchungaji wa mshahara alikwenda shambani mwishowe.

Ndugu wapendwa, tusidhani mambo haya yalikwisha pamoja na Karthago. Sisi nasi tunazo karatasi zetu. Kila parokia ina kitabu cha wabatizwa, na wengi wetu tumehifadhi cheti cha ubatizo sandukuni pamoja na hati ya kiwanja. Ni kitu chema, kwa kuwa kinashuhudia neema ya kweli tuliyopewa. Lakini tunakitafuta lini? Mara nyingi tunakitafuta mtoto anapotakiwa kukionyesha shuleni, au ndoa inapokaribia. Katekista anaulizwa, "Cheti kitatoka lini?" mara nyingi zaidi kuliko anavyoulizwa, "Nifanyeje nimpende Kristo?" Tusiwalaumu wanaouliza, tujiulize ni nani aliyewazoeza kuuliza hivyo.

Tena bara letu limeonja mambo machungu kuliko hayo. Mwezi wa Aprili 1994, siku zile zile maaskofu wa Afrika walipokuwa wakikutana Roma katika Sinodi Maalum na kulitafakari Kanisa kama Familia ya Mungu, jirani zetu wa Rwanda walikuwa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wengi wa wakazi wa nchi hiyo walikuwa wamebatizwa. Katika vizuizi vya barabarani kitambulisho kilichoandikwa kabila kiliamua nani aishi na nani afe; cheti cha ubatizo hakikuuzuia mkono. Watu waliuawa hata ndani ya makanisa, na kati ya wauaji walikuwamo waliokuwa wamepokea Komunyo pamoja na waliouawa. Hatusemi hayo kwa kuwanyoshea kidole wengine. Tunayasema kwa kutetemeka, kwani hakuna taifa lililokingwa.

Lakini tusiache kusimulia pia yaliyotokea kusini mwa Burundi miaka mitatu baadaye. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha walivamia Seminari Ndogo ya Buta, katika jimbo la Bururi. Waliwakuta vijana wanafunzi, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande wao na Watutsi upande wao. Ilikuwa amri ndogo, kama ile ya Decius: hatua chache tu za miguu, na baadhi yao wangepona. Hawakujitenga. Vijana 40 waliuawa. Hakuna aliyewauliza habari za Utatu Mtakatifu. Waliulizwa tu kama jirani yao ni ndugu yao, nao wakajibu kwa kubaki mahali walipokuwa.

Basi, wazazi na makatekista, na sisi sote tunaosikiliza, tusingoje Kaisari atujaribu. Majaribu madogo yanapita kila siku. Yapo ofisini tunapoombwa kutia sahihi ya uongo, na sokoni penye mizani. Yapo katika ukoo urithi wa mjane unapogawanywa, na katika jumuiya ndogo ndogo tunapokataa kusali nyumbani kwa fulani kwa sababu ya kabila au ya ugomvi wa zamani. Kila mara tunaombwa tendo dogo la mkono, tukiambiwa kwamba Mungu anaujua moyo. Ndiyo, anaujua. Na kwa sababu anaujua, hasomi karatasi.

Kama wiki hii umekwisha kusema hapana, usikate tamaa wala usitafute barua ya haraka. Fanya kama Serapioni: omba, na ukinyimwa omba tena; nenda kwa padre ukaungame; kisha nenda shambani, maana jua bado halijazama na Baba bado anangoja. Na kama umekwisha kusema ndiyo, kumbuka kwamba ahadi ni deni.

Mtakatifu Sipriani, na mashahidi wote wa Afrika, watuombee tuwe na imani iliyo hai, leo na saa ya kufa kwetu. Na Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.